Samaki Asiye na Moshi

Mwanangu Mwanamize,

Nakwenda Minjila kusoma hitima. Nitarejea baada ya alasiri. Nguru aliyeletwa alfajiri kutoka Kipini usimkaange. Umkate vipande vyembamba, umkamulie ndimu tele, utie chumvi na kitunguu, umfunike mpaka nyama yake iwe nyeupe.

Asubuhi, ulipoanza kukaanga samaki wa jana, mumeo aliinuka mkekani. Nikamwambia mbele ya wageni, "Hirbo, nyinyi wafuga ng'ombe mnaikataa riziki ya Mungu?" Mlangoni akanijibu taratibu, "Baba, si samaki; moshi wake ndio unaonishinda." Akaondoka na njaa.

Ndimu haina moshi.

Akirudi, ~~mwambie aje aniombe radhi~~ mketishe mahali pangu, umwandalie. Asipokula, usimlazimishe. Radhi nitamwomba mwenyewe, mbele ya wale wale waliosikia.

Babako