Kwa Twaibu, Aliyechora Watu kwa Mgongo

Mwaka umetimia, Twaibu mume wangu, na mimi bado sijaelewa.

Asubuhi ile ulirudi msikitini ukaniambia, "Maulida, niletee chai hapa hapa, nimalizie kazi ya watu." Nilipoileta ulikuwa umenipa mgongo, umekaa mezani kama siku zote. Nikaweka kikombe, nikaanza kukueleza habari za bati linalovuja. Nikaongea na mgongo wako mpaka nikakasirika kwamba hunijibu. Kumbe ulikuwa umeshaitikia mwito wa Mola wako, na chai bado inatoa mvuke. Daktari alisema ni moyo. Mimi nilisema haiwezekani, huyu ametoka kuniagiza chai sasa hivi.

Wanaokufahamu kwa michoro yako ya kwenye simu hawajui ulikoanzia. Ulianzia Kimwani, ukiwa mdogo, kwa mkaa, kwenye ukuta wa jiko la bibi yako. Madrasa ukamchora Maalimu Saburi akisinzia, mdomo wazi. Alipozinduka na kuiona picha akakushika sikio. "Umenichora? Haya, mpulizie roho, afundishe yeye, mimi nilale." Wenzako walicheka, wewe ulilia. Tangu siku hiyo hukuchora tena uso wa mtu. Ulichora migongo.

Hata ulipokuja mjini ukawa unaandika vibao vya maduka Miembeni, ulishikilia hapohapo. Karugendo kinyozi anahadithia mpaka leo.

"Twaibu, vichwa vyangu havina sura! Mteja ataingiaje?"

"Kwani wewe unanyoa pua? Nywele ziko nyuma, kaka."

Kibao chake bado kipo.

Kompyuta ulijifunza kwa kuvizia, kwenye duka la kuchapa barua, wateja wakishaondoka. Mimi niliishia darasa la saba, sikuelewa mtu anachoraje juu ya kioo kwa kalamu isiyo na wino. Nilichoona ni wewe, kahawa ya kutafuna shavuni, na wale watu wako wa migongo wameanza kutembea. Walitembea kwenye matangazo ya chanjo na kwenye mafunzo ya wakulima wa migomba, mpaka watu wa Dar es Salaam wakakutafuta. Uligoma kuhama mtaa wetu wa Bakoba. Wauza dagaa wa visiwani Muleba uliwachorea nembo za mifuko yao, nao walikuja mazikoni na kanzu za kuazima.

Tulikuzika siku ileile. Ijumaa ilipofika, mimi niko ndani kwenye eda, jirani yetu Benadetha akaingia bila hodi, simu mkononi.

"Waitu, mama Shadya! Mumeo ametuma salamu!"

Kwenye ukurasa wako palikuwa na mchoro mpya. Mama amejitwika ndizi, anapanda kilima, tunamwona mgongo tu. Chini umeandika: "Assalaamu alaykum, jamaa zangu. Ijumaa njema." Binti yetu Shadya ndiye aliyetutuliza. Alisema baba alikuwa na kawaida ya kuandaa salamu za Ijumaa nyingi kwa mpigo, akazipanga zitoke zenyewe, umeme uwepo usiwepo. Zimebaki ngapi, hakuna aliyejua. Neno la siri ulikwenda nalo.

Wiki ya pili ikaja nyingine. Watu walipiga simu, wengine wanalia, wengine wanauliza kama kweli tulizika. Kaka yako Haruni akataka tuombe ukurasa ufungwe.

"Shemeji, maiti haitoi salamu."

"Aliziandika akiwa hai, Haruni. Tukizifunga, tunamnyamazisha sisi."

Hakuridhika. Na mimi kila Alhamisi moyo ulikuwa ukinidunda: kesho itakuja, au ndiyo zimekwisha? Kila ilipokuja niliitikia kwa sauti, "Waalaykumu salaam, baba Shadya."

Kisha Ijumaa moja haikuja.

Adhuhuri ikapita. Simu ikaita, kumbe Haruni.

"Shemeji... ya leo imetoka?"

"Bado."

Alasiri akapiga tena. Magharibi hakupiga, alikuja mwenyewe, akakaa barazani, simu yake imelala gotini. Hapo ndipo nilipojua kwamba umekufa. Siku ya mazishi sikulia kama nilivyolia siku hiyo, na Haruni naye alilia.

Ijumaa hii tunakusomea hitma hapa nyumbani Bakoba, na salamu itatoka tena. Ameichora Shadya kwa kalamu yako, ataitoa kwenye ukurasa wake mwenyewe. Juzi alinionyesha bila kusema ni nani. Mtu amekaa mezani, tunamwona mgongo. Kando yake kuna kikombe, chai inatoa mvuke.

Twaibu, habari za ule mvuke sikuwahi kumwambia mtu. Nazisema leo, hapa, kwa mara ya kwanza. Nilipouona kwenye mchoro wa Shadya nilishtuka. Niliutazama mgongo ule muda mrefu, na safari hii sikuukasirikia kwa kutonijibu. Niliusalimia.

Mwenyezi Mungu akusamehe, alitie nuru kaburi lako, atukutanishe kwenye kheri.

Unakumbukwa na mkeo Maulida, binti zako Shadya na Nasma, kaka yako Haruni, majirani wa Bakoba na jamaa wote wa Kimwani. Kukusahau hatuwezi, Twaibu, wala hatutajaribu.