Wali Sili, Lakini Mizani Imegoma

Mpendwa Doña Eneida,

Kabla sijaomba msaada naomba uniwie radhi kwa kuchelewa, maana barua hii niliianza wakati wa Kwaresma, siku ile uliposoma redioni habari za mama wa mji wa Azua mwenye miguu inayovimba, nikasema na mimi kesho naandika, na kesho yenyewe imekuja kuwa Septemba, watoto wameugua wakapona, karatasi imemwagikiwa maziwa mara mbili, na hata sasa naandikia juu ya mashine ya kufulia kwa sababu ikiwa inanguruma hakuna anayeniita.

Nina miaka ishirini na saba, naishi hapa San Juan na mume wangu Wilkin na binti zetu wawili, Anyelina wa miaka sita na Luz Delsy wa mwaka mmoja na miezi minane. Uzazi wa Luz uliniachia ngiri ya kitovu, yaani tumbo halikufunga vizuri, nikikohoa kinatokeza kitu kama limau. Daktari wa upasuaji alinikataza kubeba kitu chochote kizito, mtoto akiwamo, tena akasema hanipasui mpaka nishuke nifike ratili mia moja na sabini na nane, kwa sababu kwa unene niliokuwa nao mshono hautashika. Nilikuwa na mia mbili na tatu. Nikapambana, Doña, nikaacha mkate, nikaacha soda, nikaacha wali, nikafika mia na themanini na saba, na hapo mizani imegoma kama punda, huu ni mwezi wa nne, haipandi haishuki. Nimepangiwa wiki ya pili ya Novemba. Nitapimwa Jumatatu ya wiki hiyo, na nikizidi, nafasi yangu anapewa mwingine na mimi narudi mkiani mwa foleni mpaka mwaka ujao.

Tumbo lenyewe nimelizoea. Kinachoniuma ni Luz. Zamani alikuwa akininyooshea mikono, 'Mama, beba,' nami namwambia, 'Mama hawezi, kipenzi, ngoja tukae chini,' halafu sikai, maana kuna sufuria jikoni. Sasa hanyooshi tena. Juzi alijikwaa mlangoni, akainuka na kilio chake, akanipita miguuni kama anavyoupita mguu wa meza, akaenda kwa mama mkwe wangu, Doña Mireya, naye akamnyanyua akasema, 'Njoo kwa bibi, mwenye mikono.' Alisema kwa utani. Nikacheka, nikaenda kuosha vyombo ambavyo nilikuwa nimeshaviosha.

Sasa nikueleze ninavyokula, usije ukaniambia kama wengine kwamba nadanganya. Asubuhi kahawa tupu. Mchana napikia watu, kwa kuwa mama mkwe na shemeji yangu Robinson huja kula kwetu kila siku, nainjika ratili tatu za mchele, maharage na kuku, wao wanakaa mezani, mimi nina bakuli langu la letusi na tango na yai moja, nakula nimesimama huku nawapakulia. Wali sili, naapa kwa watoto wangu. Jioni chai ya tangawizi na biskuti mbili za chumvi. Wilkin ananiambia, 'Bonge wangu, utapukutika uishe,' na Robinson anamjibu, 'Aishe wapi, huyo ananenepa kwa harufu,' wanacheka, nami niko jikoni nakwangua sufuria niwahi kulisafisha, maana ukoko ukikauka ni kazi ya kutwa. Nao unajua hautupwi. Mama mkwe hajawahi kunisifu kwa jambo jingine ila ukoko, husema mkono wangu wa mafuta ni ule ule wa marehemu mama yake, basi anapelekewa kipande, Robinson kipande, na unaobaki nauchovya kwenye mchuzi wa maharage naumalizia hapo hapo nikiosha. Na sahani za watoto vilevile, kwa sababu Anyelina hubakiza ndizi za kukaanga na Luz hugusagusa tu. Hayo nayahesabu kama usafi, si chakula. Nakuandikia yote uone sikufichi kitu.

Mtaalamu wa lishe wa zahanati aliniambia nile maharage na ndizi za kuchemsha. Nikaona hajui kazi yake, sikurudi tena. Mtu anapunguaje kwa ndizi?

Nimechoka, Doña. Napanda mizani kila asubuhi, nikishuka nimeshagombana na siku nzima kabla haijaanza.

Kwa hiyo naomba unitumie jina la ile chai ya majani uliyoitaja redioni mwezi Mei, orodha ya vyakula vya kuacha, maana nadhani kipo kimoja sijakiacha, anwani ya anayeuza mikanda ya kubana tumbo, na maneno ya kumwambia mama mkwe asirudie ile habari ya mikono.

Wako,
Yocasta

*

Yocasta mwanangu,

Kuchelewa nimekusamehe. Barua yenye madoa ya maziwa huwa naisoma kabla ya iliyopigwa chapa.

Chai sikutumii, ilikuwa ya mzee aliyekosa usingizi. Mkanda usinunue mpaka daktari wako aseme mwenyewe, kwa sababu ngiri haibanwi ovyo. Na uvimbe huo siku ukikataa kurudi ndani, ukawa mgumu, ukauma, au wewe ukaanza kutapika, usiniandikie mimi, nenda hospitali saa ile ile. Orodha ya kuacha pia huipati. Umeacha mno, na huko kuacha ndiko kulikokukwamisha.

Umeniapia kwa watoto kwamba wali huli. Mwanangu, ukoko ni wali. Ni wali uliolalia mafuta ya sufuria zima tangu ulipofunika mpaka ulipofunua. Jumamosi nimepika ratili tatu kama unazopika wewe, nikatenga kipande cha mkwe na kipande cha shemeji, na sikuwa mchoyo, kisha uliobaki nikauweka kwenye sahani. Sahani ilijaa. Nikamwagia mchuzi, nikaweka pembeni ndizi tatu za kukaanga. Binti yangu akapita akauliza, 'Mami, hiyo sahani ya nani, ya fundi?' Nikamjibu, 'Ya mwanamke asiyekula wali.'

Sikucheki. Mimi mwenyewe nilikula hivyo miaka kumi na moja, nimeegemea sinki, nikiwaambia watu sijui kwa nini nguo zinanibana. Wala hukudanganya. Mtu aliyeamkia kahawa tupu akasimama motoni mpaka saa saba mchana akiwapakulia wengine, njaa inamlisha yenyewe, naye asijue amekula. Hiyo ni njaa, Yocasta. Usiiite ulafi, na usiiite usafi.

Jambo jingine hukuambiwa: umeshusha ratili kumi na sita na hata moja haijarudi kwa miezi minne. Wengi wanaoniandikia hawajafika hapo. Ila mwili uliopungua unahitaji kidogo kuliko ule wa kwanza, kwa hiyo kilichokushusha mwanzoni sasa kinakushikilia tu. Hakuna cha ajabu hapo, na hujarogwa.

Sasa sikiliza. Asubuhi kula: yai na nusu ya ndizi mbichi ya kuchemsha, au uji wa shayiri usio na sukari, kahawa ifuate. Ndiyo, ndizi. Yule wa zahanati anajua kazi yake. Rudi kwake wiki hii, umwombe radhi, akupangie anavyopanga kwa mtu anayengoja upasuaji. Mchana pakua sahani yako kabla ya sahani ya mtu mwingine yeyote. Nusu iwe mboga, letusi lako au kabichi au mbilingani, halafu upawa wa maharage, kipande cha kuku, na wali kiasi cha ngumi yako. Ndiyo, wali. Kisha uketi. Anayetaka kuongezewa ana miguu, sufuria analiona. Jioni acha biskuti, kula kipande cha gimbi na jibini kidogo au yai, ulale umeshiba.

Mchele punguza, ratili mbili na nusu zinawatosha. Watoto wapakulie kidogo, waombe nyongeza, na kinachobaki kiende kwenye friji au kwa kuku wa jirani. Wewe si ndoo ya mabaki. Ukoko kula Jumapili, kwenye sahani, umekaa, badala ya wali. Siku nyingine anayeutaka ukoko ndiye aoshe sufuria. Mwambie Wilkin mbele ya mama yake, na ukishamwambia usisimame mlangoni kumsimamia atakayesugua, atalikwaruza na litapona. Anyelina mpeleke shule kwa miguu, polepole. Mizani panda Jumatatu peke yake.

Zimebaki ratili tisa na wiki nane. Unaweza kufika, unaweza usifike. Ukikosa kwa mbili tatu, nenda vilevile, beba karatasi za mtaalamu wa lishe, umwombe daktari aangalie ulikotoka ndipo aamue. Usijiondoe kwenye foleni mwenyewe kwa aibu.

La mama mkwe nimeliacha mwisho kwa sababu ndilo barua yenyewe. Unamwambia mtoto ngoja tukae chini, halafu hukai. Amekungoja mwaka mzima, amechoka kungoja, hajachoka nawe. Daktari alikukataza kubeba, hakukukataza kupakata. Luz anatembea, na mtoto anayetembea anajua kupanda kiti mwenyewe. Kwa hiyo saa saba, sahani ikiwa mbele yako na wewe umekaa kama binadamu, sogeza kiti nyuma kidogo, akalie paja, si tumbo. Akienda kwa bibi siku ya kwanza, kaa. Siku ya tano pia kaa. Na Doña Mireya mwambie haya tu, kwa heshima, bila kuinuka: 'Mama, mteremshe, aje hapa mwenyewe.'

Nami sijamalizana nawe. Kufikia katikati ya Oktoba, na si Kwaresma, nitumie ratili zako za Jumatatu nne, ulichokula asubuhi siku tatu mfululizo bila kunipamba, alichosema mtaalamu wa lishe, jina la aliyeosha sufuria, na siku gani Luz alipanda.