Nani Alimshusha Salma

Alkhamisi, Juni 2007. Azaiba, Maskati.

Tangu asubuhi joto limeukalia mji kama kifuniko cha sufuria. Bahari iko mtaa wa pili, lakini leo haileti hata pumzi. Nimekaa mbele ya kompyuta ya mjukuu wangu, aliyenifungulia blogu, mtungi wa oksijeni ubavuni, na nna jambo la kusema kabla halijazikwa pamoja nami.

Salma alikuwa mwandishi. Hadithi zake zilikuwa za kisayansi, za watu weusi kama yeye wanaoishi kwenye sayari zenye miezi mitatu. Aliziandika kwa Kiswahili, kwa mkono, katika madaftari ya shule. Hakuna mchapishaji aliyezitaka. Wanawake wa hapa walizitoa fotokopi wakapeana mpaka maandishi yakafifia. Hata leo, kwenye harusi, wasichana ambao hawakuwahi kumwona husimuliana ile ya mji wenye lango linalosoma damu.

Lango lile huisoma nasaba yako vizazi saba, kisha hukwambia uingie au urudi. Msichana mmoja alikataliwa. Nyuma yake akatokea mtu asiyemjua, akaweka mkono wake juu ya wa yule msichana. Lango likachanganyikiwa, likafunguka.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka. "Salma, nani atasoma haya?"

"Wewe umeshasoma," akanijibu. "Na chai yako imepoa."

Bibi yake alinunuliwa na babu yangu, Unguja. Mama yangu alipopata homa ya uzazi, mama yake Salma ndiye aliyeninyonyesha, mimi ziwa hili, Salma ziwa lile. Kwa sheria ya dini yetu yeye ni dada yangu. Nyumbani sote tulijua. Nje, hasa tulipohamia Maskati nikapata cheo wizarani, nilimtaja kuwa ni "mtu wa nyumbani kwetu".

Alifariki mwaka juzi.

Maiti ya mwanamke huteremshwa kaburini na maharimu wake, mwanamume ambaye hawezi kumuoa. Salma hakuwa na mume, wala kaka mwingine, wala mtoto wa kiume. Imamu akauliza, "Yupo maharimu wake?"

Nilikuwa safu ya mbele. Kulia kwangu alisimama mkuu wangu wa zamani wa kazi, kushoto wakwe wa mwanangu.

Nilitazama viatu vyangu.

Imamu akauliza tena. Mwishowe wakaingia kaburini wanaume watatu wasiomjua, mmoja bado ana saruji kwenye kucha, wakampokea.

Wanawake wetu hawaendi makaburini. Zuhura, bintiye wa pekee, alikuwa nyumbani. Niliporudi alinishika mikono yote miwili akaibusu. "Ahsante, mjomba, kwa kumshusha mama."

Nikasema, "Ni wajibu wangu, mwanangu."

Miaka miwili nimeishi juu ya shukrani hiyo.

Sasa Zuhura amepata mchapishaji. Jana alikuja na bahasha ya hadithi na sahani ya halwa. "Utangulizi uandike wewe, mjomba. Lakini usitutilie maneno ya wizarani, mama atakucheka huko aliko." Nikacheka na mimi, kikohozi kikanishika, akaninywesha maji kwa upole uleule wa mama yake.

Leo nimejaribu mara nne. Nimeandika juu ya kipaji chake, juu ya sayansi aliyojifundisha mwenyewe kwa redio na magazeti makuukuu. Yote kweli, na yote maneno ya mtu aliyesimama mbali. Nimeyafuta.

Imebaki sentensi moja: Salma ni dada yangu, tulinyonya pamoja, na siku ya kuzikwa kwake nilimkana.

Huenda Zuhura asije tena kunitazama. Huenda aniite kwa jina langu tupu. Nitastahiki.

Nimempigia simu aje kesho saa nne. Nitamsomea mwenyewe, na ukurasa huu hautawekwa kwenye blogu mpaka yeye awe ameshasikia. Pumzi zikinikatika katikati, mjukuu wangu amalizie.

Naomba nipewe asubuhi hiyo moja tu.