Mtumbwi Wenye Mistari ya Njano

Dada Zuhura, shikamoo. Huku kisiwani Bumbire mvua inanyesha kila asubuhi, na tunakula samaki, sato kila siku, mpaka naota ndizi zako za Kibeta.

Ukuta niliokuja kuchora unatazama mwalo, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki. Kina mama wanachota hapo maji ya kunywa, na palepale wavuvi wanamwaga oili chafu ya injini. Kwanza nilichora sangara mwenye chupa za plastiki tumboni. Wavuvi wakakusanyika, wakabishana kuhusu mkia tu.

"Fundi, huyu ni sangara au mbuzi?"

Oili ikaendelea kumwagwa. Basi nikamfuta sangara, nikachora mama anayechota maji, na kando yake mtumbwi wenye mistari ya njano ukimwaga oili. Hapa kila mtumbwi una rangi zake, hata watoto wanajua upi ni wa nani. Kabla ya adhuhuri mwenyewe akafika amefura.

"Futa! Mpaka mke wangu ananicheka."

"Nitafuta, bosi, ukianza kumwagia oili kwenye dumu."

Alininunia siku mbili. Leo kaja na dumu, kaliweka mbele yangu bila salamu. Nimefuta ile oili ukutani, mtumbwi wake nimeuacha na kuuchorea dumu. Sasa anawaita wenzake waje kuutazama.

Mwenye mtumbwi wa buluu bado anamwaga, na ananikwepa. Kesho nakoroga rangi ya buluu.

Mungu akutunze, dada, na wapwa wangu wote. Sirudi mpaka mwalo huu usafike.

Mdogo wako, Abdu