Mubirizi Haimwangwe

Siku ya ine, Nyalukemba

Nilimukaripia Maman Faida leo, yeye rika la mama yangu, na haya bado inanishika.

Ni muda sasa watu wanajaribu shampoo yangu ya mubirizi, na kuvu ya kichwa haiwatoke. Nilishaanza kuwaza kwamba haya majani machungu tunayokunywaka kwa tumbo hayana kazi kwenye nywele.

Leo Maman Faida, mumoja wao, akafika toka Cimpunda, akafungua kitambaa. Kichwa chote kijani, shampoo imekaukia pale.

“Hukuosha na maji? Unalala nayo?” nikapandisha sauti.

“Mwanangu, mubirizi iko dawa. Nani anapakaka dawa kisha anaimwanga saa ile ile?”

Nikamuosha mwenyewe, huku nanung’unika, nikiogopa ngozi imeungua. Haikuungua. Magamba yameisha. Na pale penye kiraka kikubwa cha upara, nywele! Fupi, laini kama za mutoto muchanga.

Kumbe majani hayana kosa. Ni mimi niliandika kwenye chupa: “Paka, osha saa ile ile.”

Kesho nabandika karatasi mpya. Shampoo ikae kichwani dakika ngapi, sijui bado. Nitamuomba Maman Faida pardon kwanza, kisha tutaiandika pamoja.