Siku Sheikh Awadhi Alipokosea Swala

Chanika, Handeni

Kaka yangu Sufiani,

Asalaam aleikum, na shikamoo. Huko Kilole hamjambo? Wifi Husna na watoto wana afya? Sisi huku tu wazima. Mama anakohoa kidogo, lakini ulimi wake mzima kabisa, bado anatugombeza wote. Mahindi nayo yamebeba, alhamdulillahi.

Kaka, kubwa lililonishikisha kalamu ni hili: Sheikh Awadhi, aliyetulea mimi na wewe katika dini, ameacha kutuswalisha. Msikiti wote umechanganyikiwa, na hakuna ajuaye kama atarudi mbele.

Unamjua alivyo. Hata leo, ukimsengenya mtu darasani hukaripiwi. Unatumwa ukamchotee maji huyo uliyemsengenya. Juzi Iddy, na ndevu zake zile, alionekana akisukuma madumu kwenda kwa Mathias fundi baiskeli, mtaa mzima ukicheka. Sasa Iddy mpole huyo, humtambui. Mungu amempa mzee yule kitu, kaka. Nikimsikiliza, mwili hunisisimka.

Basi Jumatatu, swala ya adhuhuri, aliketi rakaa ya tatu kana kwamba amemaliza. Sote tulijua. Wanaume wa safu ya mbele, wanafunzi wake wakubwa, ilikuwa juu yao kusema Subhanallah ili azindukane. Kimya. Nilisubiri nyuma ya pazia, mwisho nikapiga kofi kama tufanyavyo wanawake. Akainuka, akatimiza ya nne, akasujudu sijida ya kusahau.

Alipotugeukia, aliuliza kwa upole kwa nini hawakumzindua. Iddy akajibu kwamba walimwonea haya; nani wa kumkosoa mtu kama yeye? Sheikh akalia, kaka. Akasema miaka yote hii alidhani anatufundisha kumcha Mungu, kumbe ametufundisha kumcha Awadhi. Akaondoka pale mbele, akaenda kukaa safu ya mwisho, karibu na viatu, na ndipo anaposwali hadi leo. Sijapata kuona ukubwa wa namna ile. Niliingiwa na hofu, si ya kumwogopa yeye, bali ya kujua kwamba Mungu yu karibu hivyo na mtu.

Jana alikuja nyumbani, akaongea nami na mama. Akasema kofi langu limemkumbusha wewe, kijana pekee aliyewahi kumzindua alipokosea, nao wenzako wakasema huna adabu hadi ukahama. Alikiri kwamba siku ile alijua umesema kweli, ila alinyamaza kwa sababu sifa zao zilikuwa tamu masikioni mwake. Akasema pia kwamba kumbukumbu zimeanza kumkimbia. Hatarudi mbele mpaka nyuma yake asimame mtu asiyemwogopa, na mtu huyo anamjua mmoja tu.

Nilitaka kukupigia simu, akakataa. Aliyekukabidhi barua hii umemwona mwenyewe, na najua hakukueleza neno. Alituambia haingii ndani wala haketi mpaka uisome yote na uamue kwa hiari yako. Hataki mvi zake zikulazimishe.

Mama anakusalimu sana, na majirani wote. Wapakate watoto kwa niaba yangu. Sasa kunja karatasi, kaka. Mzee amesimama juani.

Mdogo wako akupendaye,
Mwantumu