Muhuri wa Kanisa

Jumatatu, 4 Mei 2009

Funguo zilikuwa kwenye friji. Juu ya trei ya mayai. Otieno hakucheka. Alinipa, kisha akanifunga kifungo cha blauzi nilichokiruka. Mume wangu huyo.

Saa tano kamili akapiga simu ofisini, kama kila siku. "Nyambu, gesi umezima?" Sijui. Akasema alizima yeye, anauliza tu ili asikie sauti yangu. Mwongo. Nampenda.

Koti nimeliacha mahali. La tatu mwaka huu, na baridi yenyewe haijaanza.

Jumatano, 6 Mei

Nimeharibu.

Mzee mmoja wa Kileleshwa, mteja wetu wa miaka mingi, aliomba tiketi ya ndege ya kwenda Kisumu tarehe tano. Nikamwandikia tarehe kumi na tano. Jana amefika uwanjani na begi lake, akaambiwa arudi baada ya siku kumi. Mkewe alikuwa anatolewa hospitali huko.

Amepiga simu leo. Hakufoka. Aliongea polepole, akauliza kama mimi ni mzima. Afadhali angefoka.

Alhamisi, 7 Mei

Barua. Madam Rose, mwenye ofisi, alinipa huku akiangalia dirishani. Nieleze kwa maandishi kwa nini nisiachishwe kazi. Majibu yafike kabla ya saa kumi jioni, Ijumaa tarehe 29. Ni kosa la tatu mwaka huu. Makosa yanalingana na makoti.

Nitaandika nini? Kwamba najaribu? Tarehe naziandika hadi kwenye kiganja. Nasoma, nasoma tena, na katikati ya kusoma mtu anacheka kwenye korido na mimi nimeshaondoka. Walimu waliniita mzembe. Labda ndivyo nilivyo. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba labda ndivyo.

Jumamosi, 9 Mei

Otieno alienda kunyolewa Kenyatta Market, akarudi na ukurasa wa gazeti mfukoni. Alimwomba kinyozi auchane. "Hapa wamekuandika wewe," alisema.

Ni makala kuhusu watu wazima ambao akili yao haitulii mahali pamoja. Tangu utotoni. Wanapoteza vitu, wanachelewa, wanaanza mambo kumi na kumaliza moja na nusu. Kuna jina lake, ADHD. Herufi nne.

Nilisoma nusu nikaenda kuosha sufuria. Niliporudi, Otieno alikuwa bado ameweka kidole pale nilipoachia.

Alhamisi, 14 Mei

Nilienda kwa daktari wa akili, Kilimani. Kwa kweli nilienda jana kwanza. Miadi ilikuwa leo, nikarudi. Karani aliandika kitu kwenye faili langu, nikajua mtihani umeshaanza.

Daktari ni mdogo kuliko mimi. Tulikaa masaa mawili. Nilifikiri kuna mashine ya kupima, au damu itasema. Hakuna. Ni maswali tu. Sita ya haraka kwanza, halafu mengine mengi. Damu alichukua, lakini ya kuangalia tezi ya shingo. Akauliza usingizi, huzuni, pombe. Alisema shida nyingi hufanana kwa nje, lazima aziondoe moja moja.

Kisha akauliza: kabla ya miaka saba ulikuwaje? Kitu hiki hakianzi mtu akiwa na miaka thelathini na tatu. Akataka ripoti zangu za shule. Nilizipoteza. Basi akataka mtu aliyeniona wakati huo.

Ni Mama peke yake.

Ijumaa, 15 Mei

Leo sina la kuandika. Kalamu ilipotea hadi saa hizi.

Jumamosi, 16 Mei

Kwa Mama, Kenyatta Market. Kibanda chake kiko katikati ya wasusi na wachoma nyama. Ameshona hapo tangu mimi sijazaliwa. Nguo zake zote zina harufu ya mbavu choma na hajawahi kukubali.

Nilimpa fomu ya daktari. Kurasa mbili, Kiswahili. Je, mtoto alikuwa akipoteza vitu? Alishindwa kukaa kitini? Visanduku vinne: kamwe, mara chache, mara nyingi, kila mara. Atie alama.

Aliniuliza kitu. Wakati huo mwanamke fulani alikuwa anachagua zipu, na alikuwa anachagua isiyolingana kabisa na kitambaa chake. Nilimwambia Mama ndiyo.

Jumatano, 20 Mei

Nimepata fomu.

Mama ametia alama zote kwenye "kamwe". Amezipanga sawasawa kama mshono. Chini ameandika: "Nyambura ni msichana mwenye adabu na hajawahi kusumbua mtu. Anafaa kazi yoyote." Halafu sahihi ya mzee wa kanisa. Halafu muhuri wa kanisa, wino wa zambarau. Na tarehe. Tarehe sahihi, hata.

Sasa nimekumbuka alichoniuliza. "Hii ndiyo ya kazi?" Mama ameniandikia barua ya tabia njema.

Nilicheka nikiwa nimekaa kwenye ngazi za ofisi. Nilicheka mpaka nikaanza kulia. Kisha nikawa nalia tu.

Alhamisi, 21 Mei

Daktari alisoma fomu yote, na muhuri pia. Akavua miwani. "Hii ni barua nzuri sana," alisema, na alimaanisha kweli, mpaka nikampenda. Lakini hawezi kuitumia. Damu haina shida. Maswali yangu yote yanaelekea upande mmoja. Ila hana ushahidi wa utotoni, na hawezi kuandika asichokijua. Anataka kumwona Mama mwenyewe. Ana nafasi Jumanne tu.

Zimebaki siku nane.

Ijumaa, 22 Mei

Nimemkosea Mama.

Nilienda kibandani wakati wa chakula cha mchana na kumwambia ameniharibia. Mbele ya wateja. Nilimwambia angesoma fomu vizuri. Mimi, kumwambia mtu asome vizuri.

Hakuacha kushona. Alipofika mwisho wa mshono akakata uzi. "Nikuandike mgonjwa kwa mkono wangu? Mimi?" Kisha akasema watu wakisikia nimeenda kwa daktari wa kichwa, wataulizana wazimu umetoka upande gani. Nikaondoka bila kuaga.

Otieno alisikiliza yote, akapika chai, akaniambia nikaombe msamaha kabla ya Jumapili. Amesema kweli. Inaniudhi.

Jumamosi, 23 Mei

Sikuenda. Nilifua mapazia badala yake. Mapazia hayakuwa machafu.

Jumapili, 24 Mei

Kanisani Mama huniwekea nafasi kwa mkoba wake, kwa sababu mimi huchelewa. Leo nilijua hakutakuwa na mkoba.

Ulikuwepo.

Nikakaa. Mahubiri yalikuwa marefu na mguu wangu ukaanza kutikisa benchi zima, mpaka mtu wa mbele akageuka. Mama akaweka mkono juu ya goti langu. Hakubana, aliweka tu. Amekuwa akifanya hivyo tangu zamani, na sijawahi kujiuliza kwa nini.

Nikamwambia chini chini, nisamehe.

Akaangalia mbele kwa mhubiri. "Jumanne ni saa ngapi, Maitu?" Ananiita mama yake, kwa sababu nimerithi jina la nyanya. Akiniita hivyo, kesi imekwisha.

Jumanne, 26 Mei

Naandika yote kabla hayajanitoroka.

Mama alivaa suti ya kanisa. Alimsalimia daktari kwa mikono miwili, akakaa wima kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi. Daktari akauliza maswali ya fomu. Alipoteza vitu? Hapana. Alisahau alichotumwa? Hapana. Alisumbua darasani? "Huyu? Hapana." Niliangalia zulia. Nilikuwa nimeshaanza kuaga kazi yangu kichwani.

Daktari akafunga faili. Akamuuliza Mama kuhusu kazi yake. Cherehani ya aina gani, ameanza lini. Mama akalegea. Daktari akauliza, na Nyambura alipokuwa mdogo ulikuwa unamshonea nini?

"Sare. Mbili mbili kila muhula."

Mbili za nini?

Mama alimwangalia kama mtu asiyejua bei ya uzi. "Moja ya kuvaa, moja ya kupotea."

Daktari akafungua faili tena, taratibu.

Kisha yakatoka yote, na Mama hakuona kwamba anatoa chochote. Penseli aliifunga kwa uzi kwenye tundu la kifungo changu. Jina langu alilishona hadi kwenye soksi. Chakula alimpa mwalimu, hakunipa mimi, maana mimi ningekiacha njiani nikiangalia siafu. Na kuzidisha. Mbili mara mbili, mbili mara tatu. Shuleni haikuingia. Ikaingia kibandani, mimi nikikanyaga cherehani yake na yeye akiongoza kitambaa. Miaka yote nimedhani miguu yake ilikuwa imechoka.

"Huyu miguu ikitulia, kichwa kinaondoka," Mama alimwambia daktari. "Kwa hivyo miguu nikaipatia kazi."

Hayo yalianza lini?

"Nasari. Hata kabla. Lakini hiyo si ugonjwa, Daktari. Ni vile yuko."

"Na pia si uzembe, Mama."

Mama akageuza shingo, akaangalia chumba chote kama anayemtafuta mtu. "Nani alisema uzembe?"

Ni mimi niliyekuwa nikisema.

Alhamisi, 28 Mei

Nimepewa barua. Zile herufi nne ziko katikati ya ukurasa, zimepigwa chapa.

Sijui nijisikieje, kwa hivyo najisikia vyote. Nimefurahi. Nina hasira kwa yule msichana aliyechapwa kwa kusahau vitabu. Ninataka kumwambia kitu na hayupo. Daktari alisema kuna vidonge, atapima presha kwanza na kuniangalia kila mwezi. Havitanifanya mtu mwingine. Otieno alisema afadhali, huyo mwingine hamjui.

Nimeandika majibu ya Madam Rose mara nne. Ukurasa mmoja. Sikuomba huruma. Nilieleza kilichopo na jinsi ninavyotaka tarehe zichunguzwe. Otieno alisoma tarehe zote kwa sauti, kisha akaufunga mkoba wangu kwenye kitasa cha mlango ili nisitoke bila yeye. Bila mkoba, yaani. Kesho tutaona.

Ijumaa, 29 Mei

Nimepeleka saa tatu asubuhi. Madam Rose alisoma, akakunja, akasema Jumanne.

Nimerudi nyumbani na mwavuli wa mtu.

Jumanne, 2 Juni

Nimebaki.

Miezi mitatu ya kuangaliwa. Kila tiketi, kabla haijatoka, naisoma kwa sauti kwa Wanza wa meza ya jirani, naye ananisomea. Madam Rose amesema tutafanya hivyo wote, yeye pia. Alisema bila kuniangalia. Ndivyo anavyopenda watu, akiangalia dirishani.

Mchana nilimpigia yule mzee wa Kileleshwa kumwomba radhi. Mkewe yuko nyumbani na anakula. Anataka tiketi nyingine, na anataka niandike mimi. "Ila unisomee mara mbili," alisema. Nikamsomea mara tatu.

Jumatatu, 15 Juni

Kitabu hiki kilipotea karibu wiki mbili. Kilikuwa kwenye kikapu cha nguo za kupiga pasi, jambo linaloonyesha ni lini nilipiga pasi mara ya mwisho.

Vidonge ni kama jirani amepunguza redio. Bado naisikia, ila sasa nasikia na mambo yangu. Nimesoma barua moja ndefu kutoka juu hadi chini bila kusimama. Sikumwambia mtu. Nilikaa tu nayo.

Funguo juzi zilikuwa kwenye friji. Otieno ameniambia usiku huo alifurahi kuziona.

Jumapili, 21 Juni

Chakula cha mchana kwa Mama, Dagoretti, baada ya kanisa. Baridi kali. Mukimo na kuku. Mama na Otieno wakabishana kuhusu samaki, kama kawaida, na Otieno akashindwa kwa heshima.

Mama hakutaja daktari hata mara moja. Aliniuliza tu kama nakula vizuri na hizo dawa. Nikasema ndiyo. Alikuwa akiniangalia mabega.

Tulipokuwa tunaondoka akanipa kifurushi cha gazeti, kimefungwa kwa uzi. "Fungua ukifika."

Nimefungua kitandani. Koti la sufu, kijani kibichi, mifuko mirefu isiyoangusha kitu. Ndani ya kola ameshona jina langu kwa uzi mweupe, kama la mtoto wa nasari. Nimelivaa. Linanitosha, na hakunipima.

Niliponyanyua gazeti nilitupe, bado lilikuwa zito.

Makoti yalikuwa mawili.